Amana Milimani: Siku Mbili Katika Monasteri za Armenia

Ndugu msomaji, kabla sijaondoka Mombasa, mzee mmoja wa msikiti wetu, ambaye namheshimu kama baba, alinishika mkono baada ya sala ya Alasiri akaniuliza: "Sheikh, nasikia unakwenda kutembezwa makanisani. Wewe na makanisa, wapi na wapi?" Nilitabasamu nikamjibu kwamba mwanangu ndiye aliyenialika, na kwamba kutembea katika ardhi ya Mwenyezi Mungu na kuzitazama athari za waliotutangulia ni jambo ambalo Qur'ani Tukufu imetuhimiza. Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona wazi kuwa hakuridhika. Wala mimi mwenyewe sikuridhika na jibu langu. Makala haya ndiyo jibu nililostahili kumpa siku ile, nami nalitoa hadharani kwa kuwa nadhani wapo wengine wenye swali kama lake.

Mwanangu wa pili anafanya kazi Sharjah. Mwezi wa Oktoba nilikwenda kumzuru, naye alipopata likizo ya siku chache akaniambia, "Baba, hapa ni joto na majumba tu. Twende nikakuoneshe milima." Safari ya ndege kutoka huko Ghuba hadi Yerevan, mji mkuu wa Armenia, ni ya takriban saa tatu. Armenia ni nchi ndogo isiyo na bahari, yenye watu wapatao milioni tatu, nayo imezungukwa na Uturuki, Georgia, Azerbaijan na Iran. Wenyeji husimulia kuwa mfalme wao aliufanya Ukristo kuwa dini ya dola mwaka 301, kabla Rumi yenyewe haijafanya hivyo. Lugha yao ina maandishi yake ya pekee, yaliyobuniwa na mtawa aitwaye Mesrop Mashtots mwaka 405, na mpaka leo ndiyo yanayoandikiwa magazeti, risiti za dukani na majina ya mitaa.

Asubuhi ya kuondoka Yerevan, mwanangu aliniita dirishani. Mbele yetu, juu ya mapaa ya mji, ulisimama mlima Ararat wenye urefu wa mita 5,137, kilele chake kimefunikwa theluji kama kilemba cheupe. Mlima huu uko ndani ya mipaka ya Uturuki, na mpaka baina ya nchi mbili hizi umefungwa tangu mwaka 1993; lakini Waarmenia wameuweka katika nembo ya taifa lao, nao huutazama kila siku kama mtu anayeitazama nyumba aliyozaliwa ikiwa ng'ambo ya mto asioweza kuuvuka. Wao husema safina ya Nabii Nuhu, alayhi salaam, ilitua hapo. Sisi katika Suratu Hud tumetajiwa mlima Judi. Sikuona haja ya kujadiliana na mtu. Nilimsalia Nabii Nuhu, nikashuka ngazi kwenda kwenye gari.

Tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya basi dogo: wauguzi watatu kutoka Ufilipino wanaofanya kazi Dubai, familia moja ya Kihindi, vijana wawili wa Kimisri, mimi na mwanangu. Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa mwalimu wa historia, na ualimu ulikuwa haujamtoka. Kila alipouliza swali alisubiri jibu. Kabla ya injini kuwashwa alimpitia kila mmoja na daftari lake akimuuliza asichokula. Mwanangu alimweleza kuwa hatuli nguruwe, hatunywi kileo, na nyama isiyochinjwa na Mwislamu tungependa kuiepuka. Najua maulamaa wamezungumza mengi kuhusu chakula cha Ahlul Kitabi, na hapa si mahali pa kuufungua mlango huo; mimi nilichagua njia ambayo moyo wangu umetulia nayo. Yule mama aliandika yote, kisha akasema: "Samaki, jibini, mboga na mkate. Hamtalala njaa katika nchi yangu." Na kweli hatukulala njaa.

Kituo cha kwanza kilikuwa Ziwa Sevan, lililoinuka kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mimi ni mtoto wa pwani, nimezoea kwamba maji mapana lazima yawe chini ya kila kitu. Kuyaona maji ya buluu yasiyo na mwisho yakiwa juu namna ile, yamezungukwa na vilele vitupu, kulinifanya niseme Subhanallah bila kujua. Juu ya kilima kando ya ziwa pana makanisa mawili madogo ya mawe meusi, yaliyojengwa mwaka 874 kwa amri ya Mariam, binti wa mfalme. Zamani kilima kile kilikuwa kisiwa. Katika zama za utawala wa Kisovieti, maji ya ziwa yalifunguliwa kwa ajili ya umeme na kumwagilia mashamba, yakashuka kwa karibu mita ishirini, na kisiwa kikaungana na bara. Watawa waliokuwa wakifikiwa kwa mashua sasa wanafikiwa kwa basi na ngazi.

Hapo ndipo nilipoyaona kwa mara ya kwanza mawe wanayoyaita khachkar: mabamba ya mawe yaliyosimamishwa wima, yamechongwa msalaba katikati na kuzungushiwa nakshi za majani, mizabibu na mafundo yasiyo na mwanzo wala mwisho. Msalaba si alama yangu, wala sikujidai vinginevyo. Lakini ile nakshi ya pembeni niliifahamu. Ni ndugu wa ile iliyoko kwenye milango ya Lamu na kwenye zidaka za nyumba kongwe za Pate: mkono wa fundi asiyeharakisha, anayemini kuwa kazi yake itatazamwa na watu ambao bado hawajazaliwa.

Chakula cha mchana tulikula kando ya ziwa. Samaki wa sifa hapo huitwa ishkhan, maana yake mtu mkuu, kama vile mwana wa mfalme. Siku hizi hufugwa, kwa kuwa wa ziwani wamepungua sana. Alichomwa juu ya makaa, akaletwa na limau, majani mabichi ya kotimiri na mkate mwembamba kama shuka. Wauguzi wa Kifilipino, ambao nao ni watu wa visiwa, walitukubalia kwamba samaki yule angepata heshima hata kwetu.

Kutoka Sevan barabara huingia ndani ya mlima kwa handaki refu la zaidi ya kilomita mbili. Upande tuliotoka ulikuwa wa nyasi kavu na mawe. Tulipotokea upande wa pili tulijikuta katika msitu: miti hadi juu ya vilele, majani yamegeuka rangi ya dhahabu na ya kutu, ukungu umelala mabondeni. Gari zima lilinyamaza. Huko ndiko Dilijan, na ndani ya msitu huo ndiko iliko monasteri ya Haghartsin, iliyojengwa kati ya karne ya 10 na ya 13. Pana makanisa matatu, na ukumbi wa kulia chakula uliojengwa mwaka 1248, wenye matao ya mawe yanayopishana juu kama viganja vya mtu anayeomba dua.

Nilivutiwa na usafi wa mahali pale. Mapaa yalikuwa mazima na kuta hazikuwa na nyufa. Mwongozaji akauliza, kama ilivyo desturi yake, "Nani anajua aliyelipia ukarabati huu?" Hakuna aliyejibu. Akanigeukia mimi mwenye kofia na kanzu, akasema: "Ni mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Muhammad Al Qasimi. Alifika hapa mwaka 2005, akaona hali ilivyokuwa, akatoa fedha zake." Mwanangu alishika kiuno. Ameishi Sharjah miaka tisa, anapita kila siku mbele ya misikiti na makumbusho ya mtawala yule, na habari hii aliipata kutoka kwa Mkristo ndani ya msitu wa Armenia.

Wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia, nasi tulikuwa wasafiri wenye ruhusa ya kukusanya na kupunguza. Yule mama, aliponiona natazama saa, alituambia kwa moyo mweupe kwamba tungeweza kusali ndani, mahali ni pa Mungu. Nilimshukuru, nikamweleza kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, Radhiyallahu anhu. Inapokelewa kwamba alipoingia Baytul Maqdis wakati wa sala ulimkuta kanisani, akakataa kusali mle ndani ili Waislamu wa baadaye wasije wakawanyang'anya wenyewe kanisa lao kwa hoja kwamba Umar alisali pale. Mama yule hakuwahi kukisikia kisa hicho. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huyo Umar alikuwa jirani mwema."

Tukatandika miswala yetu nje, chini ya miti, karibu na kijito. Hapo likanijia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Sisi tulio Mombasa hukielekea Kibla karibu kaskazini kamili. Huko Armenia Kibla ni kusini, kikielemea magharibi kidogo. Kwa hiyo niliposimama pale nilikuwa nimeielekea Makka, na nyuma ya Makka nilikuwa nimeuelekea msikiti wetu, na yule mzee aliyeniuliza swali alikuwa amenielekea mimi.

Jioni tulifika Goshavank, monasteri iliyo katikati ya kijiji, ng'ombe wakirudi malishoni kando ya ukuta wake. Jina lake limetokana na mwanachuoni Mkhitar Gosh, aliyeijenga upya baada ya tetemeko la ardhi kuibomoa ile ya zamani mwaka 1188. Mtu huyu ndiye aliyewaandikia Waarmenia kitabu cha sheria. Sababu yake moja, kama alivyoeleza mwenyewe, ilikuwa kwamba watu wake walilaumiwa kwa kutokuwa na sheria iliyoandikwa, na walikuwa wakienda kuamuliwa kwa mahakimu wa watu wengine. Nikacheka peke yangu, kwa kuwa wengi wa mahakimu hao bila shaka walikuwa makadhi wetu. Hapo pia pana khachkar ya mwaka 1291 iliyochongwa na fundi aitwaye Poghos, nayo ni nyembamba na yenye matundu hata utadhani ni kofia ya vito iliyoshonwa kwa sindano na mtu akaigeuza kuwa jiwe. Na pana jengo la maktaba. Kumbuka, ndugu msomaji: watu walioishi mlimani, katika baridi na vita, walijenga chumba cha vitabu kwa mawe yale yale waliyojengea mahali pa ibada.

Usiku tulilala Dilijan, katika nyumba ya wenyeji wanaopokea wageni. Baridi ilikuwa kali; nilivaa soksi mbili mbili na kuoshea udhu maji ya kettle. Kabla ya chakula mama mwenye nyumba alitupeleka uani kutuonesha jinsi mkate wao uitwao lavash unavyopikwa. Tanuri lao, tonir, ni chungu kikubwa cha udongo kilichozikwa ardhini. Kinyunya husukumwa kikawa chembamba kama kitambaa, hutandazwa juu ya mto mdogo, kisha hupigwa kofi kwenye ukuta wa ndani wa tanuri, na kwa muda wa kuhesabu thelathini kinakuwa kimeiva. Wale wenzangu walistaajabu. Mimi nilimkumbuka marehemu mama yangu, aliyekuwa akiibandika mikate ya mofa kwenye kuta za tanuri la udongo, mkono mmoja umevikwa kitambaa kibichi. Nilimweleza mwenye nyumba kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, naye akanipa kinyunya nijaribu. Kwanza niliangusha kwenye makaa. Cha pili kilikwama, ingawa kilikuwa na umbo la ramani isiyojulikana.

Mezani tuliletewa supu ya mtindi na ngano, dolma ya majani ya mzabibu iliyojazwa dengu na mchele, jibini, jozi, mishmishi iliyokaushwa, na boga zima lililopikwa likiwa na wali, asali na zabibu kavu tumboni mwake. Kisha wenzetu wakaletewa sufuria ya chakula kiitwacho harisa: ngano iliyopikwa na kuku kwa saa nyingi mpaka ikavurugika kabisa, ikamwagiwa siagi. Sikuila, kwa ajili ya kuku. Lakini harufu ilipofika puani nilijua mara moja. Ilikuwa bokoboko! Ile ile ya Idi na ya harusi zetu, ambayo asili yake ni harisa ya Waarabu iliyotufikia kwa mashua za Oman na Hadhramaut. Mama mwenye nyumba alipoelezwa kwamba Waafrika wa pwani hupika chakula kile, wakikipiga kwa mwiko kwa zamu kama wapigavyo wao, alitia mikono mashavuni asiamini.

Baada ya chai, mwanangu alimwuliza mwongozaji kwa nini Waarmenia wanasimulia habari za vitabu kana kwamba vitabu ni watu. Akatusimulia kisa ambacho kila mtoto wao anakijua.

Mwanzoni mwa karne ya 13 kiliandikwa kitabu kikubwa sana cha mawaidha, kwa wino juu ya ngozi, chenye uzito wa takriban kilo 28. Haukupita muda mrefu kikatekwa vitani, na watu wa kawaida wakachanga fedha mpaka wakakikomboa. Kikakaa karne saba katika monasteri moja karibu na mji wa Mush, upande ambao sasa ni Uturuki. Ulipofika mwaka 1915, Waarmenia wa dola ya Uthmaniya walihamishwa kwa nguvu na kuuawa kwa mamia ya maelfu. Inasimuliwa kwamba wanawake wawili waliokuwa wakikimbia walikikuta kitabu hicho katika monasteri iliyoteketea. Mmoja peke yake hakuweza kukibeba. Wakakigawa nusu mbili, kila mmoja akajitwika nusu yake, wakatembea. Mmoja alifika salama upande wa pili na kuikabidhi. Wa pili alifia njiani, lakini kabla ya kufa alikuwa ameizika nusu yake katika uwanja wa kanisa kule Erzurum. Baadaye ilifukuliwa, ikarudishwa, na nusu mbili zikakutana.

Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, kwa kuwa yaliyotendwa mwaka ule yalitendwa chini ya dola iliyojinasibisha na dini yetu, na dhuluma haigeuki kuwa halali kwa sababu mtendaji wake ana jina kama langu. Yule mama alitambua. Akasema bibi yake alinusurika kwa sababu familia ya Kiarabu katika jangwa la Sham ilimpokea na kumlea. Nami nikamwambia kwamba Sharif Hussein wa Makka aliandika barua katika vita vile akiwaamuru watu wake wawalinde Waarmenia kama wanavyojilinda wao na watoto wao. Tukanyamaza tena, lakini ukimya wa mara hii haukuwa mzito kama ule wa kwanza.

Siku ya pili tulipita korongo la mto Debed, njia nyembamba, miamba imeinuka pande zote mbili na vijiji vimeketi juu kabisa kama vimesahauliwa. Huko ndiko ziliko Haghpat na Sanahin, monasteri mbili za karne ya 10 zinazotazamana kutoka kilima hadi kilima, zote zikiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndani ya chumba cha maktaba cha Haghpat sakafu imejaa vinywa vya mitungi mikubwa iliyozikwa. Baada ya vitabu kuondoka chumba kilifanywa ghala. Katika nyakati za hatari watawa waliviteremsha vitabu korongoni na kuvificha mapangoni. Niliinama nikalitazama lile korongo, nikajaribu kumwona mtu akilishuka usiku, kitabu kimefungwa mgongoni.

Sanahin, kwa mapokeo ya wenyeji, maana yake ni "hii ni kongwe kuliko ile", nasi tulicheka kusikia kwamba hata majirani watawa walishindania ukubwa. Baina ya makanisa yake mawili pana ukumbi mrefu ambamo mwanachuoni Grigor Magistros alisomesha katika karne ya 11. Wanafunzi walikaa safu mbili, wakiegemea kuta, mwalimu akipita katikati. Nilikaa pale. Jiwe lilikuwa baridi na limelainika kwa kukaliwa. Ndivyo tulivyosoma sisi chuoni, tumeegemea ukuta wa msikiti, sheikh akipita na mkwaju wake. Elimu yao si elimu yetu, lakini adabu ya kuitafuta ni moja.

Tukirudi Yerevan tulipita Spitak, mji ulioangushwa na tetemeko la tarehe 7 Disemba 1988 lililoua watu wapatao 25,000. Jua lilipokuwa likishuka tulisimama chini ya mlima Aragats, wenye urefu wa mita 4,090. Uwandani pale zimesimamishwa herufi zote za maandishi yao, zimechongwa kwa mawe, nyingine ndefu kuliko mtu. Ziliwekwa mwaka 2005, maandishi hayo yalipotimiza miaka 1,600. Watoto walikuwa wakikimbia kutafuta herufi za majina yao na kuzikumbatia. Mwanangu alinipiga picha, akaniuliza, "Baba, na sisi herufi zetu ziko wapi?" Alikusudia herufi za Kiarabu ambazo mababu zetu waliandikia Kiswahili, barua zao, hati zao za mashamba na tendi zao. Yeye hazisomi. Ni kosa langu, si lake.

Asubuhi ya mwisho, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, aliniingiza katika Matenadaran, nyumba ya hati ya Yerevan, yenye hati zaidi ya 17,000, zikiwemo za Kiarabu na Kiajemi. Nilikiona kile kitabu cha kilo 28, kimefunguliwa nyuma ya kioo. Nilisimama mbele yake muda mrefu hata mlinzi akanisogezea kiti.

Sasa nitasema lililonileta kwenye makala haya. Marehemu baba yangu aliniachia kasha la mbao lililojaa vitabu na karatasi. Ndani yake mlikuwa na utendi ambao nyanya yangu, mzaliwa wa Lamu aliyeolewa Mombasa, alimtungia bintiye siku ya harusi, kwa mfano wa Mwana Kupona aliyemtungia wake mwaka 1858. Mvua za El Nino za 1997 zilipovuja darini, nililihamishia kasha lile chini ya ngazi, nikasema nitalifungua nikipata nafasi. Nilikuwa nasomesha, nahutubia, nahimiza watu watunze amana. Nafasi niliipata baada ya miaka sita. Mchwa walikuwa wamenitangulia. Hapakuwa na vita, hapakuwa na jeshi, wala hakuna aliyenifukuza nyumbani kwangu. Palikuwa na uvivu tu. Na wanawake wawili walibeba kilo 28 baina yao katika njia ya mauti.

Wapo kwetu waliotunza. Mashairi ya Muyaka tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu, na hati za msikiti wa Riyadha wa Lamu zimepigwa picha ili zisipotee. Lakini makasha yaliyo chini ya ngazi ni mengi kuliko watunzaji.

Niliporudi, kabla sijafungua mzigo, nilikwenda kwa shangazi yangu Mji wa Kale. Ndiye aliyetungiwa utendi ule. Sasa umri wake umepita miaka themanini na macho yamemdhoofika. Nilimwomba anisomee anachokikumbuka. Tulikaa jioni nne, yeye akisoma, mimi nikiandika kwa herufi za Kiarabu, na mjukuu wangu akinakili kwa za Kirumi. Tumepata beti arubaini na moja. Shangazi anasema zilikuwa zaidi ya sitini.

Nilimsomea hayo yule mzee wa msikitini. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema kwamba kwake pia liko sanduku la marehemu baba yake, na funguo haijulikani iliko. Tumeafikiana Jumamosi nitakwenda na fundi.

Ndugu msomaji, utendi wa nyanya yangu ulikuwa ukinakiliwa na akina mama na kupewa maharusi, kuanzia Kibokoni hadi Lamu. Yamkini nakala moja imo nyumbani kwako, ndani ya msahafu wa nyanya yako au chini ya nguo za sanduku la harusi. Lifungue leo. Ukikuta karatasi ya zamani usiitupe wala usiichome. Iweke pakavu, andika ni ya nani, na uifahamishe afisi ya jarida hili. Ikiwa ni utendi wa mama akimuusia bintiye kuhusu safari ya Lamu hadi Mombasa, niite usiku au mchana, kwani shangazi yangu anasubiri kuusikia ukiwa mzima.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.